Ukipata ajali Tabora: daktari, PF3 na bima vinavyoshikana

Majeruhi wa ajali ya barabarani akifikishwa hospitali, daktari anakuwa na kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza kila mtu anaiona: kuzuia damu, kushona, kupiga picha, kufunga mguu. Ya pili ni kuandika. Alichoandika usiku ule ndicho polisi watakachopeleka mahakamani, ndicho kampuni ya bima itakachosoma mwaka kesho, na ndiko atakakoanzia daktari bingwa wa hospitali ya Bugando, Mwanza, iwapo utapewa rufaa. Ndugu wa majeruhi huhangaikia kazi ya kwanza, na ni haki yao. Kwamba ile ya pili ilikuwa na mapengo hugundulika mguu umeshaunga na jalada limeshafungwa.

Kwetu Tabora jambo hili lina uzito wake. Mkoa una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na ajali haichagui kutokea jirani na Kitete. Aliyegongwa Kaliua au Sikonge huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya wilaya, akafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete saa kadhaa baadaye, kama si kesho yake. Wa upande wa Igunga wengine huishia hospitali ya Nkinga. Pale Nzega malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na mijini kwetu bodaboda ndiyo imekuwa daladala. Kila mahali majeruhi anapokabidhiwa kuna maelezo yanayodondoka: kwamba alizimia dakika chache, kwamba alitapika mara mbili ndani ya gari, kwamba alidungwa sindano fulani saa tatu usiku. Yule aliyeona hayo amebaki kule kule barabarani.

Kwa hiyo shahidi mmoja apande gari pamoja na majeruhi, au angalau aache namba ya simu. Huyo ana faida kwa daktari kuliko watu kumi wanaolia nje ya geti.

Kuhusu kumbeba, nitasema kwa kifupi ingawa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtu aliyerushwa kutoka kwenye pikipiki achukuliwe kuwa shingo yake imevunjika mpaka daktari aseme vinginevyo. Kumshika makwapa na miguu na kumtupia kwenye pikapu kunaweza kumalizia uti wa mgongo uliokuwa umenusurika. Tafuta ubao, hata mlango, watu wanne wambebe kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda pamoja. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi bila kufunua kila dakika kuchungulia. Mafuta ya taa, majivu na unga wa betri havina kazi kwenye kidonda. Na usimpe chai wala soda, maana huenda akaingizwa chumba cha upasuaji na tumbo lililojaa ni hatari wakati wa usingizi wa dawa. Namba za kupiga ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Mwenye simu apige picha ya namba ya gari kabla halijasogezwa, kwani kwa namba hiyo unaweza kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

PF3 si kibali cha kutibiwa

Hakuna karatasi inayoogopwa kama hii fomu ya polisi. Watu wamekaa na majeruhi kwenye benchi la mapokezi huku ndugu akikimbizana na kituo cha polisi, kwa imani kwamba bila PF3 daktari hagusi mtu. Sivyo. Mwenye hali ya dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Serikali imelisema hilo mara nyingi. Ukikutana na mtumishi anayesisitiza karatasi huku damu inatoka, usigombane naye, muulize kwa upole mganga mfawidhi au daktari wa zamu yuko wapi.

PF3 ni fomu namba 3 ya polisi. Polisi anajaza sehemu yake akimwomba daktari aeleze amekuta majeraha gani; daktari anajaza yake: yako wapi, ukubwa gani, madhara ni ya kawaida au makubwa. Kisha inarudi polisi na kuwa kielelezo. Hutolewa bure. Ukiweza, ichukulie kituo cha eneo ilikotokea ajali, kwa kuwa ndiko jalada litakakofunguliwa, na ndugu anaweza kuifuata wakati mgonjwa anaendelea kutibiwa.

Kasoro yake kubwa ni muda. Mara nyingi hujazwa usiku wa kwanza, kabla picha hazijapigwa, na daktari anaandika alichokiona kwa macho: uvimbe, michubuko, maumivu ya misuli. Siku nne baadaye eksirei inaonyesha mbavu mbili zimevunjika, lakini fomu imeshakwenda zake. Hapo si suala la kumlaumu daktari. Aliandika ukweli wa saa ile. Unachotakiwa kufanya ni kumwomba aandike taarifa ya nyongeza yenye tarehe na matokeo ya picha, uipeleke kwa askari mpelelezi wa jalada lako, na ubaki na nakala. Na kabla ya kuirudisha PF3 yenyewe ipige picha pande zote mbili. Simu uliyonayo mfukoni inatosha.

"Mguu tu, mwanangu"

Mama wa makamo ameketi mapokezi ya dharura, kitenge chake kina vumbi upande wa kushoto tu. Tabibu kijana anamwinamia.

"Pole, mama. Unaumwa wapi?"

"Mguu tu, mwanangu."

Mguu unaonekana, umevimba, unaandikwa. Ubavu hausemwi. Mguu unauma zaidi, foleni ni ndefu, na mama hataki kumsumbua kijana wa watu. Lile vumbi la upande mmoja lingeweza kumwambia tabibu ameangukia wapi, na chini ya mbavu za kushoto ndipo inapokaa bandama, kiungo kinachoweza kuvuja damu polepole kwa saa nyingi mtu akiwa bado anazungumza.

Kesho yake raundi ya madaktari inapita wodini. "Unaendeleaje, mama?" Naye anajibu kama alivyofundishwa tangu utotoni: "Naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Ni adabu, na mimi nisingependa tuiache. Lakini kwenye faili linaingia neno moja la kitabibu: anaendelea vizuri. Mwaka ujao wakili wa bima atalisoma kwa sauti kama ushahidi kwamba siku ya pili baada ya ajali mgonjwa hakuwa na shida yoyote.

Shukuru kwanza, kisha endelea: "Nashukuru, dokta, ila ubavu wa kushoto unauma nikivuta pumzi, na usiku sikulala." Anza kichwani ushuke mpaka vidoleni, ukitaja kila panapouma hata kama kidogo. Eleza ajali yenyewe ilivyokuwa: ulikaa mbele au nyuma, gari lilipiga upande gani, ulirushwa, kichwa kiligonga nini, unakumbuka kila kitu au kuna kipande kimepotea. Kwa maelezo hayo daktari anakisia kilichoumia ndani kabla ya kipimo chochote. Mwambie na dawa unazotumia, kama una sukari au presha, kama uko kwenye ARV, kama una mimba, na mara ya mwisho ulipochomwa sindano ya pepopunda. Ukiona aibu kusema mbele ya jirani aliyekuleta, omba atoke. Una haki hiyo.

Kuongeza chumvi hakusaidii. Daktari anayebonyeza mgongo mahali pasipo na jeraha na kusikia ukelele ule ule wa kwenye jeraha ataandika kwamba maelezo hayalingani na vipimo, na maneno hayo ni mabaya kwako kuliko "anaendelea vizuri".

Uliza pia unayezungumza naye ni nani. Si dharau. Afisa tabibu, daktari na daktari bingwa wa mifupa wote watakuhudumia, ila si kila mmoja anaweza kuamua kama mguu ufungwe plasta au uwekewe vyuma. Maswali matatu yanatosha kwa raundi moja: nimeumia nini hasa, mnanifanyia nini na kwa nini, na dalili gani zikitokea nirudi haraka. Kabla ya upasuaji utaletewa fomu ya ridhaa. Isome, au usomewe kwa Kiswahili. Kama mgonjwa ni bibi asiyesikia vizuri Kiswahili cha kitaalamu, mwanawe amweleze kwa Kinyamwezi mbele ya daktari.

Siku za mwanzo nyumbani

Wengi hawalazwi. Wanashonwa, wanapewa dawa, wanarudi nyumbani Isevya au Ng'ambo, na hapo ndipo mambo huharibika.

Kichwa kwanza. Aliyegonga kichwa anaweza kuongea vizuri, akala, akataniana na watani zake, kisha baada ya saa kadhaa akaanza kusinzia kwa namna isiyo ya kawaida, kwa sababu damu ilikuwa ikijikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Kwa saa 24 za kwanza mtu awe naye, amwamshe mara kwa mara usiku, amuulize jina la mtoto wake au siku ya leo. Kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, maneno yasiyoeleweka, maji au damu sikioni au puani, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine: arudi hospitali usiku huo huo. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimefungiwa mashine za CT scan miaka ya karibuni, kwa hiyo kipimo cha kichwa si lazima tena kiwe safari ya Mwanza au Dar es Salaam.

Tumbo linalokuwa gumu, kizunguzungu ukisimama, bega la kushoto kuuma bila kuguswa, mkojo wenye damu: hivyo navyo havisubiri asubuhi. Shingo na mgongo huweza kuanza kuuma kesho yake, na ni kweli zinauma, si uzushi, rudi ukaandikishwe. Kifundo cha mkono kina kamfupa kadogo upande wa dole gumba ambako hupasuka mtu akijikinga kwa kiganja, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza isioneshe kitu. Kama bado panauma baada ya siku 10 hadi 14, omba picha irudiwe.

Sasa mambo yetu ya nyumbani. Jeraha bichi hukandwa kwa maji ya moto na shangazi mwenye mikono ya nguvu anaitwa achue. Kwa siku mbili za mwanzo joto huongeza uvimbe na damu chini ya ngozi, na kuchua palipovunjika husogeza mifupa iliyokuwa imetulia. Kitambaa chenye maji ya baridi na kiungo kuinuliwa juu ya mto vinafaa zaidi. Halafu kuna sindano ya diklofenaki ya duka la dawa muhimu. Inapunguza maumivu kweli, lakini ndiyo hayo maumivu daktari aliyotaka kuyafuatilia, na dawa za jamii hiyo zinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Tumia ulizoandikiwa.

Aliyefungwa plasta ngumu, ile P.O.P tunayoiita muhogo, ana mtihani wake peke yake. Kila baada ya saa chache mtazame vidole vya mguu. Bonyeza ukucha wa dole gumba mpaka ugeuke mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Mwambie acheze na vidole. Kisha nyoosha vidole hivyo wewe mwenyewe, taratibu. Maumivu yakiwa makali kupita yale ya kuvunjika kwenyewe, dawa hazigusi, vidole vinakufa ganzi au vimepoa, basi ndani ya mguu shinikizo limepanda na misuli inakosa damu. Hesabu hapo ni ya saa. Misuli iliyokosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, na usingojee tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Plasta hupasuliwa kwa dakika chache. Mguu uliooza haurudi.

Na mganga wa jadi wa mifupa? Tuseme ukweli: watu wanamwendea kwa sababu wamelala wodini wiki mbili wakisubiri upasuaji, au wamesikia neno kukatwa, au fedha zimekwisha. Wapo waliopona kwake, na hao ndio wanaosimuliwa. Mfupa wa bega la mtoto huunga karibu kwa namna yoyote ile. Paja, goti, kifundo na mfupa uliotoboa ngozi ni habari nyingine kabisa. Mfupa uliotoka nje unatakiwa kuoshwa chumba cha upasuaji na kupewa dawa mapema. Ukicheleweshwa, usaha huweza kukaa ndani ya mfupa kwa miaka. Vijiti vikikazwa sana ndivyo vinavyoleta kule kukatwa kulikokuwa kunakimbiwa. Kuna na hasara ya pili isiyozungumzwa: ukiondoka wodini kwa hiari unasaini karatasi inayosema hivyo, na miezi yote utakayokuwa kijijini haitakuwa na mstari hata mmoja kwenye faili. Bima itasema mguu uliharibikia huko.

Rufaa na fedha

Kitete ikishindwa, njia ya kawaida ni Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma, au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Beba barua ya rufaa, filamu au CD ya picha zako, orodha ya dawa ulizopewa na nakala ya PF3. Majeruhi anayefika Bugando na majibu ya karatasi tu bila picha zenyewe huweza kupigwa upya, na kulipa upya.

Mwenye kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, aitoe mapema, kwani huduma nyingi kubwa zinahitaji kibali kabla. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii ambayo kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, iliishia ngazi ya mkoa. Asiye na kitu amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa bili ikiwa imeshajaa. Yeye ndiye anayepitia maombi ya msamaha. Lipa kwa namba ya malipo, weka kila risiti. Nauli za bodaboda hazina risiti, basi ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe na sababu ya safari.

Dereva akitiwa hatiani na kulipa faini, faini ile ni ya serikali. Fidia yako ni dai jingine, na msingi wake ni bima ya lazima kwa watu wengine iliyo katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Inamhusu mwenda kwa miguu na pia abiria aliyelipa nauli kwenye chombo kilichokatiwa bima ya biashara. Haimlipi dereva aliyesababisha. Lori la nje ya nchi huwa na Kadi ya Njano ya COMESA, kwa hiyo usikate tamaa kwa kuona namba za kigeni. Aliyeumia akiwa kazini, mathalani kondakta au dereva wa kampuni ya tumbaku, ana mlango mwingine kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mwajiri ndiye anayepaswa kutoa taarifa huko. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 WCF huulipa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, pensheni ya kila mwezi.

Asilimia hiyo inatoka kwa daktari, na hapa ndipo haraka inapoumiza. Mwenye gari anakuja wodini na bahasha, anasema tumalizane kifamilia, andika hapa kwamba huna dai. Au anakuja kishoka mwenye tai akijitia wakala wa bima. Hakuna daktari anayeweza kukadiria ulemavu wa kudumu wa paja lililovunjika wiki iliyopita. Paja huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, goti lililokakamaa huhitaji mazoezi ya viungo miezi zaidi, na ni pale tu hali inapoacha kubadilika ndipo tathmini ina maana. Muda unao: madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu tangu ajali. Usiumalize wote, ila usiuone mdogo. Bima ikikataa au ikikuzungusha, TIRA hupokea malalamiko, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwisho wa madai utaletewa hati ya kukubali malipo, na ukiisaini kwa kawaida dai limefungwa, hata kama kesho kutwa kidonda kitafumuka. Kwa hiyo kabla ya kalamu, rudi kwa daktari aliyekuwekea vyuma na umuulize mambo ambayo mara nyingi hayamo kwenye taarifa yake: vyuma vitatolewa au vitabaki, kama vitatolewa ni baada ya muda gani na hospitali ipi, itagharimu kiasi gani, na baada ya hapo utakaa bila kazi kwa muda gani. Mwombe ayaandike, agonge mhuri, uyaambatishe kwenye madai kama gharama za matibabu yajayo.